Ufipa Yataka Nyumba Ndogo Iliyo Imara

Ndugu msomaji, umepata kuona kuta kubwa zisizo na paa? Mwenyewe alitaka nyumba ya vyumba sita. Alifyatua matofali, akajenga. Kisha fedha zikaisha. Mvua zikaja, kuta zikaanguka. Jasho la mwaka mzima likarudi kuwa udongo.

Sisi wa Ufipa tunakaa juu. Sumbawanga ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Juni na Julai ni miezi ya baridi na upepo. Tena miti yetu ni michache. Basi tujenge nyumba ndogo, tuikamilishe.

PIMA KWANZA

Nyumba ya mita 6 kwa 4 ina vyumba viwili. Jumlisha kuta zake za nje: 6 + 4 + 6 + 4 = 20. Sasa jumlisha nyumba ya mita 10 kwa 8. Utapata mita 36. Hiyo inataka matofali karibu mara mbili. Matofali mengi hutaka tanuru kubwa, na tanuru hula kuni.

Anza na nyumba ndogo. Iezeke, uhamie. Acha nafasi upande mmoja. Mwaka mwingine utaongeza chumba.

TAZAMA JUA NA UPEPO

Wakati wa kiangazi upepo mkali hutoka kusini-mashariki. Jua la Juni na Julai hupita kaskazini. Simama nje saa sita mchana mwezi wa Juni. Kivuli chako kitaangukia kusini.

Kwa hiyo elekeza mlango na madirisha kaskazini. Jua litaingia na kupasha nyumba joto. Panda miti upande wa upepo, lakini isiwe karibu mno na ukuta.

MSINGI NA KUTA

Jenga msingi wa mawe. Uinue sentimita 30 juu ya ardhi. Chimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua mbali.

Matofali ya kuchoma yatumie kozi za chini, mahali maji yanaporuka. Juu yake tumia matofali mabichi yaliyokauka vizuri. Yapige lipu ya udongo, na uitengeneze kila mwaka kabla ya mvua. Hivyo utaokoa kuni nyingi.

Funga kona vizuri, tofali likamate tofali. Usiweke dirisha karibu na kona. Nchi yetu hutikisika. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko kubwa sana la ardhi. Kona legevu huanguka mapema.

PAA

Nyasi huzuia baridi, lakini huogopa moto. Bati huzuia mvua, lakini nyumba huwa baridi usiku. Ukiezeka bati, weka dari ya matete au mikeka. Paa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta ili mvua isiupige. Lifunge kwa waya uliopita chini ya kozi kadhaa za matofali. Upepo hautaling'oa.

BARIDI ISITUUE

Ndugu msomaji, hapa sikiliza sana. Usiku wa baridi watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani. Hufunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Mtu hulala asiamke tena.

Jiko likae katika kibanda chake nje. Katika kila chumba cha kulala acha matundu ya hewa juu ya ukuta. Usiyazibe, hata kama ni baridi. Chumba kidogo chenye kuta nene na dari hupata joto bila moto. Blanketi halina sumu.

TUMIA KILICHOPO

Wazee wa Ufipa walifukia nyasi ndani ya matuta, shamba likapata rutuba. Walitumia walichokuwa nacho. Nasi tunao udongo, mawe, nyasi na matete. Tunayo mikono pia. Tusaidiane kujenga kabla ya Novemba.

Nyumba ndogo yenye paa ni bora kuliko kubwa isiyokwisha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mlango wa nyumba yako unatazama wapi?
2. Je, chumba cha watoto kina matundu ya hewa?
3. Ni nani kijijini ambaye nyumba yake haina paa? Tutamsaidiaje?