Kadrani ya unyevu wa udongo: mshale unaweza kudanganya

Wandugu, wengi wetu tunajifunza siku hizi kupanga data kwenye ukurasa wa web, na kitu cha kwanza tunapenda kutengeneza ni kadrani: nusu duara, rangi tatu, mshale unaocheza. Kuichora si kazi kubwa. Kazi iko kwingine.

Tuchukue unyevu wa udongo. Katika SVG unachora tao moja tu lenye nusu kipenyo 80. Urefu wake ni 3,14 mara 80, ni kusema karibu 251. Hesabu ya mshale: toa mwanzo wa skeli kwenye namba uliyopima, gawanya kwa upana wa skeli, zidisha kwa 180. Skeli ikiwa 0 mpaka 50 na kipimo 20, unapata 0,4. Mshale unazunguka digrii 72 kutoka kushoto, na rangi inajaza tao mpaka karibu 100. Basi, imekwisha.

Sasa swali: hiyo 20% ni nyekundu ao kijani? Kwa udongo wa mchanga, ni maji mengi, ziada inashuka chini. Kwa udongo wa mfinyanzi, mmea unaweza kuwa umeanza kunyauka, juu udongo unashikilia maji na mizizi haiwezi kuyavuta. Mshale ni uleule, digrii 72 zilezile. Ukiweka kijani kwa wote, kuna mtu ataacha pepinieri yake ikauke.

Njo maana kadrani inapaswa kujibu mtu akiigusa. Achague aina ya udongo, na mipaka ya rangi isogee. Akigusa mshale, aone namba yenyewe na saa ilipopimwa. Kipimo kikizimika jana, mshale unabaki palepale kama vile kila kitu kiko sawa. Andika pia «kavu», «sawa», «maji mengi», juu kuna watu hawatofautishi nyekundu na kijani.

Tena, vipimo vingi vya bei ndogo vinatoa namba inayoshuka udongo ukilowa. Pima kwanza udongo mkavu, kisha uliolowa, ndipo upange skeli. Bila hiyo mshale utaenda kinyume.

Wale wa informatiki wanatuzidi kwa kodi, lakini mipaka ya rangi ni kazi yetu sisi wa agronomia. Tukae meza moja kabla ya kuchora.