Neno "Mchungaji" na Maana Yake

Mhudumu wa kanisa aitwaye padre na Wakatoliki, Walutheri humwita mchungaji. Neno hili latokana na kitenzi chunga, na kiishio -ji chaonyesha tendo la desturi: si mtu aliyechunga siku moja, bali achungaye kila kukicha. Nyabibuye, katika nyanda za juu za Buha, wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, wenyeji wasemao Kiha hufuga ng'ombe. Kwao sitiari hii haihitaji mfasiri.

Sauti ya mahubiri ilivuka mipaka ya usharika kabla ya intaneti. Tangu 1963 hadi 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilitangaza kwa redio kutoka Addis Ababa, na Moshi palikuwa na studio ya Sauti ya Injili.

Siku hizi husemwa "ibada mtandaoni". Mtandao latokana na tandaa, yaani kuenea. Kiambishi -ni chaugeuza kuwa mahali, sawa na kanisani. Hata hivyo, vitenzi viwili hivi havilingani. Mahubiri yaweza kutandaa. Kuzuru mgonjwa, kubatiza na kuzika ndiko kuchunga, nako kwataka mchungaji awepo.