Unadai Dhahabu ya Mtoni? Jiandae Kuokota Takataka Kwanza

Mwaka wa 2019, YouTuber Mmarekani Michael Bennett, mwenye chaneli ya Nugget Noggin, alikuwa amezama kwa mto Edisto kule South Carolina akisaka mali iliyopotea. Akapata iPhone ndani ya kipochi kisichoingiza maji. Simu ilikuwa imelala huko chini miezi 15, lakini alipofika nyumbani akaichaji, ikawaka! Ilikuwa na paswadi, ikabidi atoe laini aiweke kwa simu ingine ndio ampate mwenyewe. Kumbe ndani kulikuwa na meseji za babake huyo dada, na mzee alikuwa ashafariki.

Wasee wengi wakiona video za aina hii wanadhani ni kununua mashine, kuruka majini na kuomoka. Zii. Wacha nikuchanulie vile hiyo kitu hufanya kazi kabla uchome doh yako.

Unajua kile kifimbo soja wa mall hukupitishia kiunoni? Detekta ya majini ni binamu yake. Ina koili ya mviringo mbele, stima ikipita hapo inatengeneza uga wa sumaku. Uga huo ukigonga metali, metali nayo inapata kastima kadogo ndani yake na kujibu. Mashine inasikia hilo jibu na kukulilia kwa masikio.

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza, VLF, hutuma mawimbi bila kukatiza na kupima vile jibu limechelewa, kwa hivyo inaweza kukisia kama ni msumari ama sarafu ya fedha. Ya pili hupiga mapigo mafupi, inanyamaza, inasikiliza. Hiyo ndio wasee wa baharini hupenda, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha stima na kuchanganya VLF nyingi hadi zinabweka ovyo. Shida yake ni haichagui, hata kisibiti cha soda kilichooza inakuitia. Kwa mto ama ziwa lisilo na chumvi, VLF inatosha kabisa.

Sasa hapa ndio mambo huharibikia watu. Pete ndogo ya dhahabu, kile kidude cha kufungulia kopo la soda, na kipande cha foili hulia karibu sawa. Ukiiambia mashine inyamazie takataka, pia pete umeinyamazisha. Ndio maana wazito wa hii gemu huchimba kila mlio, wakijua siku nzima inaweza kuisha na mfuko wa makopo na ndoano. Wanaokuonyesha pete tatu kwa video ya dakika kumi hawakuonyeshi hizo saa zingine.

Cheki pia kina. Garrett AT Pro, mashine inayojulikana sana, haipitishi mita 3, na hedifoni zinazokuja nayo hazifai kuloa, lazima utafute zingine. Minelab Excalibur II inashuka hadi mita 60, lakini bei yake inakaribiana na ya boda mpya. Ukisimama tu maji yakifika kifuani, hauhitaji hiyo ya pili. Unachohitaji ni kijiko kikubwa chenye mashimo cha kuchotea mchanga, na kadetekta kadogo ka mkononi ka kuonyesha kitu kiko wapi haswa. Bila hako utapapasa matope hadi uchoke.

Utafute wapi? Mahali watu huoga na kurukaruka. Maji baridi hufanya vidole vikonde, mafuta ya kujipaka yanateleza, pete inachomoka. Angalia chini ya daraja la mbao, chini ya ile kamba ya kubembea, na baada ya maporomoko ambapo mashua hupinduka. Dhahabu ni nzito, kwa hivyo huzama kwenye changarawe hadi igonge udongo mgumu. Msimu wa maji kupungua ndio wako.

Na usiende solo. Mtoni mara nyingi hauoni hata mkono wako, kuna chupa zimevunjika na nyuzi za kuvulia zinazoweza kukufunga. Bwawa likifunguliwa huko juu, maji yanapanda haraka. Ukikutana na chuma, ile ya kufyatua, usiichezee, ita polisi.

Hapa kwetu ongeza kiboko, mamba na kichocho, ambacho kimejaa ufuoni mwa Ziwa Victoria. Na ukitoa kitu cha kale, si chako: Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inataka uripoti kwa Makavazi. Usikimbie nacho kwa mnunuzi wa River Road.

Kama bado una moto, azima detekta kwanza. Weka mchanga kwa beseni ya plastiki, jaza maji, kisha ufukie pete ya mathako, akikubali, pamoja na vidude vitano vya makopo. Mwambie beshte yako akuchanganyie. Funga macho, sikiliza, uone kama utaijua pete kwa mlio peke yake.