Habari ya Akeri, 1896: Namna ya Kuisoma Historia ya Misioni

Mwanafunzi wa theolojia huzoeshwa mapema kulinganisha 2 Samweli 24 na 1 Mambo ya Nyakati 21. Habari ni moja, Daudi anawahesabu watu. Lakini mwandishi mmoja asema hasira ya Bwana ilimchochea mfalme, na mwingine asema ni Shetani. Hatuoni haya kuuliza kila mmoja aliandika lini, kwa ajili ya nani, na kwa kusudi gani. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo akishika kitabu cha historia ya misioni huyaweka maswali hayo kando.

Na tuitazame habari ya Akeri. Mnamo Oktoba 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock wa Misioni ya Leipzig walifika Meru ili kuanzisha kituo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliuawa, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Marafiki wa misioni kule Ujerumani walisimuliwa juu ya vijana wawili waliobeba Injili, juu ya wapagani wakali, na juu ya damu iliyokuwa mbegu ya Kanisa. Hatusemi kwamba masimulizi hayo ni ya uongo. Vijana wale walikufa kweli, tena walikuja kwa nia njema. Lakini hekaya haihitaji uongo. Yatosha kuchagua mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea.

Tuanze basi nyuma kidogo. Mwaka 1892 askari wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao von Bülow akauawa. Wamisionari wa Kianglikana waliokuwapo Moshi walituhumiwa na Wajerumani, wakalazimika kuondoka. Mwaka 1893 jeshi la Kijerumani lilirudi na kumshinda Meli, na mwaka huo huo wamisionari wa Leipzig wakaingia Kilimanjaro. Zaidi ya hayo, Ovir na Segebrock walipopiga hema zao Meru, Kapteni Johannes alikuwa amepiga kambi na askari wake si mbali nao. Mzee wa Meru aliyeutazama moshi wa kambi zile mbili angezitenganishaje?

Mwisho wa habari nao hukatwa. Johannes alirudi na askari, pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga; nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa. Tukikuta sentensi kama "Wameru waliadhibiwa", tusimame hapo. Kitenzi cha namna hiyo humficha mtenda. Ni nani aliyeadhibu, na ng'ombe wale walikwenda kwenye mazizi ya nani? Hapo hata sisi wa upande wa Kilimanjaro hatuna budi kunyamaza kidogo. Na msomaji makini amekwisha kuona kwamba sisi wenyewe, hapo juu, tumewataja Wazungu wawili kwa majina, na wenzao tukawaita "Wachaga waliofuatana nao". Ndivyo upendeleo unavyorithiwa.

Masimulizi ya wazee yapimwe kwa mizani ile ile. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet aliipeleka kesi yao Umoja wa Mataifa. Mzee aliyesimulia habari za 1896 baada ya hapo yaelekea aliisimulia akiwa na jeraha jingine moyoni.

Je, waliokufa Akeri ni mashahidi wa imani? Sisi twakubali kwamba ndivyo, kwa maana walikufa katika utumishi wao. Lakini waliowaua waliona wanawazuia watangulizi wa jeshi, wala hawakukosea sana. Mhubiri atakayesema neno la kwanza na kuacha la pili atakuwa anawahubiria wajukuu wa waliochomewa nyumba bila kuwaona. Tunakiri kwamba tumewahi kuhubiri hivyo.

Mwaka 1902 wamisionari walirudi, wakajenga Nkoaranga. Kwa nini watu waliokwisha kupigwa kiasi hicho waliwapokea? Barua za wamisionari peke yake haziwezi kulijibu swali hilo, na likizo ijayo tungependa wanafunzi wetu waende nalo Nkoaranga na Akeri, wakaketi na wazee.