"Eleanor" Inauzwa? Soma Namba ya Chesisi Kabla Utoe Doh

Kama uliona Gone in 60 Seconds ile ya 2000, Eleanor unamjua. Ni ile Ford Mustang ya kijivu yenye mistari myeusi, ile mashine ilimpa Nicolas Cage presha kuliko polisi wote wa Los Angeles. Tangu movie itoke, matangazo ya "Eleanor ya 1967 inauzwa" hayajawahi kuisha huko Marekani. Na bei si ya kucheza. Kuna zenye hupita dola 100,000, yaani zaidi ya milioni 12 za Kenya.

Sasa swali ni moja: ukilipa hiyo doh yote, umenunua nini hasa? Maana jina "Eleanor" linaweza kubeba magari matatu tofauti kabisa, na kwa picha yote yanafanana. Wacha tukuchanue.

Ya kwanza ni Shelby yenyewe

Ford ilizindua Mustang Aprili 1964. Carroll Shelby, dereva wa Texas aliyekuwa ameshinda mbio za Le Mans 1959, akapewa kazi ya kuifanya kali zaidi. Mwaka wa 1965 akatoa GT350. Mwaka wa 1967 akaongeza GT500, yenye injini ya V8 ya lita 7 na nguvu za farasi 355.

Hizo GT500 za 1967 zilikuwa 2,048 tu. Mwaka huo huo Mustang zilizotengenezwa zilipita 470,000. Piga hesabu: katika kila Mustang 230 hivi, GT500 ni moja. Ndio maana mtu akikwambia "niko na Shelby ya ukweli," usishangae bei. Shangaa tu kama hana karatasi.

Ya pili ni kopi

Hapa ndio wengi huchezwa. Eleanor wa movie hakuwa GT500! Waliotengeneza movie walichukua Mustang za kawaida, zile za paa linaloteremka mpaka nyuma, wakazivalisha bodi mpya ya faiba, taa zingine, rimu zingine na rangi ya kijivu. Kwa maneno mengine, hata Eleanor mwenyewe alikuwa amepodolewa.

Bado, moja kati ya zile zilizoigiza iliuzwa kwa mnada wa Mecum kule Indianapolis, Mei 2013, kwa dola milioni 1. Mnunuzi hakulipia faiba. Alilipia hadithi, na hadithi ilikuwa na ushahidi kwamba gari hilo lilikuwa mbele ya kamera. Kopi iliyotengenezwa gereji juzi haina hiyo hadithi, hata kama rangi inang'aa kuliko ya movie.

Linganisha na Mustang ya 1968 aliyoendesha Steve McQueen kwa Bullitt. Familia moja iliinunua 1974 kwa dola 6,000, ikakaa nayo miaka na miaka. Januari 2020 ikauzwa Florida kwa dola milioni 3.74. Na haikuwa imeoshwa ikameremeta! Rangi ilikuwa imechoka na kutu ilionekana. Hakuna aliyejali, kwa sababu ilikuwa yenyewe, na karatasi zilikuwepo.

Ya tatu ni mchanganyiko wa kale na kisasa

Wamarekani huiita restomodi. Bodi ni ya zamani, lakini chini ya boneti kuna injini ya juzi, kwa mfano V8 ya lita 5 ambayo Ford ilianza kuweka kwa Mustang za 2011. Gea mpya, breki za diski, AC, usukani laini.

Na kusema ukweli, hii ina maana. Mustang ya kawaida ya 1967 ilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuwa za kuongeza pesa. Ukitaka gari la kuendesha kila wikendi bila kuomba Mungu kila kona, restomodi itakufaa kuliko ya makumbusho.

Shida ni ukifikiria pesa zitarudi. Hii ni kama nganya. Mwenyewe anamwaga mamilioni kwa graffiti, skrini na muziki, route nzima inaongea juu yake. Kesho anataka kuiuza, anakuta mnunuzi ana taste yake. Gari lililopodolewa ni ladha ya mtu mmoja, na mara nyingi mwenye kulijenga hutumia pesa nyingi kuliko atakazopata. Na ukishakata bodi ya asili, hairudi tena.

Basi utajuaje?

Anza na namba. Kwa Mustang ya 1967, namba imegongwa kwa chuma ndani ya boneti. Tuseme inaanza na 7R02C. Isome hivi:

7 ni mwaka wa 1967.
R ni kiwanda cha San Jose, California. F ingekuwa Dearborn, T ingekuwa Metuchen.
02 ni bodi ya paa la kuteremka. 01 ni ya kawaida, 03 ni ya paa la kufunguka.
C ni injini ilizaliwa nayo: V8 ndogo, ile ya inchi 289.

Umeona hiyo C? Gari hilo halikuzaliwa GT500, hata liwe na nembo za Shelby kila mahali. Ikiwa pale kuna T, lilizaliwa na silinda sita. Na Shelby zote za 1967 zilitoka San Jose na bodi ya 02, kwa hivyo ukipata F au 01, hiyo stori imeishia hapo. Shelby ya ukweli pia ina namba yake ya pili ya Shelby, na kuna klabu ya wenye Shelby kule Marekani, SAAC, inayoweka rejista ya magari hayo moja moja. Muuzaji akikataa usiulize huko, wewe jua.

Baada ya namba, tafuta kutu. Ugonjwa wa Mustang za enzi hizo uko chini ya kioo cha mbele, pale hewa inaingilia. Maji hukaa hapo, yanakula chuma, kisha yanatiririka mpaka sakafu. Inua kapeti. Beba sumaku ndogo pia: mahali haishiki, chini ya rangi kuna puti au faiba.

Kuhusu jina lenyewe, Eleanor alipiga watu kortini miaka mingi. Mjane wa H.B. Halicki, aliyetengeneza movie ya kwanza ya 1974, alidai haki za Eleanor kama mhusika. Mei 2025 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema gari hilo si mhusika wa kulindwa na hakimiliki. Kwa hivyo tarajia kopi ziongezeke, zisipungue.

Na huku kwetu?

Usijichome. Sheria ya Kenya kwa magari yaliyotumika ni usukani wa kulia na umri usiozidi miaka 8. Mustang ya 1967 ilitoka kiwandani na usukani wa kushoto. Kwa hivyo mtu akikutumia picha kwa simu, aseme Eleanor iko Mombasa inangoja tu deposit yako, shikilia pochi.

Lakini somo ni lile lile hata kama unanunua Probox ya pale mtaani. Rangi inapakwa kwa siku moja, nembo inabandikwa kwa dakika moja. Fungua boneti, soma namba ya chesisi, ilinganishe na logbook, kisha tafuta rekodi za NTSA kupitia eCitizen. Zikikataana, rudisha funguo, shukuru kwa chai, na uende zako.