Gitaa la V: lilidoda dukani, leo bei yake haishikiki

Kama umewahi kusimama karibu na gitaa la umeme, kanisani au ukumbini, unaujua ule mvumo: "mmmmm", hata kabla mtu hajagusa uzi. Kwaya yetu ilimlaumu fundi mitambo miaka nenda rudi. Kumbe kosa halikuwa lake.

Ngoja nikuelezee kupitia gitaa moja adimu sana: Gibson Flying V la mwaka 1958. Wakati huo Gibson, kiwanda cha Kalamazoo, Marekani, kilionekana cha kizee mbele ya mpinzani wake Fender. Rais wake, Ted McCarty, akaja na gitaa lenye umbo la herufi V. Wateja wakalishangaa, wakapita. Ukikaa chini nalo linateleza pajani, mpaka kiwanda kikabandika mpira ubavuni. Mwaka 1958 yalitoka 81, mwaka 1959 yakatoka 17, basi. Uadimu wake ulianzia kwenye kudoda.

Mbao yake waliiita "korina", lakini ni mlimba, mti wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati, Kongo ikiwemo. Jina likabadilika njiani, mti ni wa huku huku.

Sasa turudi kwenye mvumo. Chini ya nyuzi kuna pikapu (si ile ya kubeba matofali!): sumaku iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika, uga wa sumaku unabadilika, umeme unazaliwa kwenye koili. Shida ni kwamba koili hainasi uzi peke yake. Inanasa pia umeme wa ukutani, unaozunguka mara 50 kwa sekunde hapa kwetu, mara 60 Marekani.

Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliombea hataza pikapu ya koili mbili, na Flying V lilitoka nazo. Koili hizo zimeunganishwa kinyume, na ncha za sumaku ndani yake pia zimeelekezwa kinyume. Mvumo haujali sumaku, kwa hiyo unageuzwa mara moja tu: koili moja inatoa +1, nyingine −1, jumla sifuri. Sauti ya uzi inageuzwa mara mbili, na sumaku halafu na uunganishaji. Hasi mara hasi ni chanya, si tulifundishwa? Kwa hiyo sauti inajumlika.

Albert King alilipigia blues gitaa hili, Gibson ikalirudisha mwaka 1967 kwa mbao ya mahogani, na Jimi Hendrix akawa na lake. Leo matajiri wanagombania yale machache ya mwanzo. Lakini wanacholipia ni uadimu. Ile dawa ya mvumo ipo hata kwenye gitaa la bei ya chini, ilimradi lina koili mbili. Mkienda kununua la kwaya, angalieni hapo kwanza, na fundi mitambo mumwombe radhi.