Hungaria: Chombo cha Herend husomwa chini kabla ya kununuliwa

Wenye kukusanya vyombo vya maua vya zamani vya porselini kutoka Hungaria wana desturi moja. Kabla ya kusifu maua na vipepeo vilivyochorwa, wanapindua chombo na kutazama chini yake. Hapo ndipo bei hupanda ao kuanguka.

Vyombo vingi vya aina hiyo hutoka Herend, mji mdogo ulio karibu na Veszprém, magharibi mwa Hungaria. Kiwanda chake kilianzishwa na Vince Stingl kunako mwaka 1826, kisha Mór Fischer akakichukua mwaka 1839. Wakati huo, familia tajiri zilitumia vyombo vya China na vya Meissen, Ujerumani. Kimoja kikivunjika, ilikuwa vigumu kupata cha kukirudishia. Fischer alitengeneza vinavyofanana navyo, na jina lake likaenea. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, Malkia Victoria wa Uingereza aliagiza vyombo vyenye maua na vipepeo. Mchoro huo unaitwa Victoria hadi leo.

Namna gani kutambua chombo cha kweli? Kwanza, rangi hupakwa kwa brashi, kwa mkono. Vipepeo viwili haviwezi kulingana kabisa. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia na kuona rangi imejaa vidoto vidogo vilivyopangwa sawasawa, ujue picha ilichapwa kwa mashine.

Pili, chini kunakuwa alama ya kiwanda, nambari ya umbo na mara nyingi alama ya mchoraji mwenyewe. Neno "Hungary" nalo linasema kitu: tangu mwaka 1891, sheria ya Marekani ililazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa jina la nchi kwa Kiingereza. Muuzaji akisema chombo chenye neno hilo ni cha wakati wa Fischer, aliyefariki mwaka 1880, mnunuzi ana haki ya kuwa na mashaka.

Tatu, gonga polepole kwa ukucha. Porselini nzima hulia kama kengele. Iliyopasuka ao kugundishwa hutoa sauti nzito.

Ikumbukwe kwamba kiwanda cha Herend kingali kinafanya kazi, na kingali kinachora Victoria. Kwa hiyo mchoro peke yake hauonyeshi umri wa chombo.